Oili ya Hilux ya dizeli inakuwa nyeusi baada ya siku mbili: niisafishe injini kwa dizeli?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Toyota Hilux ya mwaka 2008, injini ya 1KD, lita 3.0 D-4D, imeshatembea kilomita 260,000. Nataka niwe namwaga oili mwenyewe nyumbani. Kinachonisumbua ni kwamba kila nikibadilisha, baada ya siku mbili oili imekuwa nyeusi tii. Fundi wa mtaani ananishauri nitie dizeli lita mbili kwenye oili ya zamani, niwashe injini dakika kumi, ndipo nimwage. Ni sahihi? Niweke oili gani, lita ngapi, na nibadilishe kila baada ya kilomita ngapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Nzuri, ndugu msomaji. Nianze na dizeli: usiitie kabisa. Injini inapozunguka na oili iliyochanganyika na dizeli, utando unaotenganisha beringi na krenki (shafti kuu ya injini) unakuwa mwepesi mno, na dakika kumi zinaweza kutosha kuzikwaruza. Halafu haimwagiki yote. Inabaki kwenye njia za oili, kwenye kipoza oili na kwenye turbo, kisha inaipunguza nguvu oili mpya uliyoinunua kwa pesa yako.

Kwa 1KD kuna hatari kubwa zaidi. Chini ya kila nozeli (kifaa kinachopulizia dizeli ndani ya silinda) ya injini hii kuna washa, yaani pete bapa, ya shaba inayozuia moshi wa mlipuko usipande juu. Washa hizo zikichoka, moshi wenye joto kali unapenya hadi chini ya kava la valvu, unaikaanga oili iliyopo pale, na inageuka kuwa punje ngumu za kaboni. Punje zinashuka hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kukaa kwenye wavu wa bomba linalofyonza oili kwenda pampu. Wavu ukiziba, pampu haipati oili, na injini inakufa hata kama kijiti cha kupimia kinaonyesha oili imejaa. Sasa fikiria dizeli inayobandua uchafu wote kwa mkupuo na kuupeleka kwenye wavu huohuo.

Weusi wenyewe usikutie hofu. Dizeli ikiungua hutoa masizi, na sehemu yake hupenya pembeni ya ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Oili nzuri ina viungo vinavyoyashika masizi hayo yakiwa chembe ndogo zinazoelea, yasigandamane wala kutua. Isitoshe, kila unapomwaga, kiasi cha oili ya zamani hubaki ndani, na hicho peke yake kinatosha kuitia rangi mpya. Oili ya dizeli iliyobaki ya dhahabu baada ya kilomita 3,000 ndiyo ingenishangaza. Cha kuogopa ni oili iliyo nzito kama uji, yenye punje, au yenye rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ya mwisho ina maana maji ya rejeta yameingia.

Kuhusu aina: kwa joto la kwetu, oili yenye uzito wa 15W-40 inafaa. Angalia maandishi ya API (kiwango cha ubora wa oili) kwenye dumu: herufi ya C ndiyo ya dizeli, ile ya S ni ya petroli. Chukua CH-4 au CI-4. Dumu lililoandikwa S peke yake liache dukani hata kama bei ni nusu. Gari lenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi linahitaji oili ya majivu kidogo, yaani CJ-4, CK-4 au C3 ya ACEA (kiwango cha Ulaya), kwa hiyo angalia kwanza kama lako linacho.

Injini yako inachukua karibu lita 7 ukibadilisha na filta. Nunua dumu la lita 5 na chupa tatu za lita 1, moja ibaki ya kuongezea. Pamoja nazo nunua filta ya injini hiyohiyo na washa mpya ya nati ya kumwagia. Washa hiyo ni ya bei ndogo, lakini ukirudia ya zamani mara nyingi inavuja, na watu wanaishia kukaza nati mpaka wanaharibu meno ya sampu. Vifaa ni spana ya bokisi namba 14, namba 12 kwa bolti za bati la kinga, kishika filta, karai la lita 10, matambara na glavu.

Egesha sehemu tambarare, vuta hendibreki, weka gari kwenye gia na zuia magurudumu kwa mawe au magogo. Hilux iko juu, wengi huingia chini bila kuinyanyua. Kama lazima uinyanyue, iweke kwenye stendi. Jeki peke yake haimlindi mtu aliye chini ya gari.

Toa gia kwanza, washa injini dakika tano hivi oili ipate uvuguvugu, izime, rudisha gia, subiri dakika kumi. Oili baridi huacha uchafu ndani, na ya moto sana inaunguza mkono. Fungua kifuniko cha juu ili hewa iingie, kisha legeza nati ya sampu. Mruko wa kwanza unakwenda mbali, hivyo sogeza karai mbele kidogo. Acha itiririke dakika 15 hadi 20, mpaka ibaki matone.

Wakati unasubiri, fanya jambo ambalo kwa 1KD nalithamini kuliko kazi yote iliyobaki: chuja oili ya mwisho iliyotoka kwa kitambaa cheupe, uangalie. Masizi yatapita, punje za kaboni zitabaki, na ukizisugua kwa vidole zinakwaruza. Ukizikuta, au kama taa ya oili imekuwa ikichelewa kuzima asubuhi, sampu ishushwe, wavu usafishwe, na washa za nozeli zote nne zibadilishwe. Kusafisha wavu bila kugusa washa ni kuahirisha tatizo. Kwa gari la kilomita 260,000 lisilo na kumbukumbu ya kazi hiyo, mimi ningeshusha sampu hata bila dalili.

Filta ya zamani ikitoka, itazame mdomoni: je, raba yake ipo? Wakati mwingine hunata kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu ya raba ya zamani, raba mbili haziwezi kushikana, na presha ikipanda oili yote inamwagika barabarani kwa dakika chache. Futa sehemu inapokaa, paka raba mpya oili safi, zungusha kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Kishika filta ni cha kufungulia tu.

Rudisha nati na washa mpya. Ukiwa na spana ya kupima nguvu ya kukaza, Nm 35 hivi zinatosha. Ukiwa huna, tumia spana fupi na nguvu ya mkono mmoja.

Mimina lita 6 na nusu, funga, toa gia, washa injini. Usikanyage mafuta, kwa kuwa filta bado ni tupu na turbo inazunguka bila oili. Taa inatakiwa izime ndani ya sekunde chache. Ikifika sekunde kumi bado inawaka, zima injini na utafute sababu. Iache isilensa (izunguke taratibu yenyewe) dakika mbili tatu, kagua chini kama kuna tone, zima, subiri dakika tano, pima, ongeza kidogokidogo hadi karibu na alama ya juu. Usiivuke. Oili ikizidi, krenki inaipiga na kuitia povu, na nyingine inavutwa kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye hewa ya injini. Injini ya dizeli inaweza kuunguza oili hiyo ikakimbia yenyewe, hata ukizima swichi haisimami.

Pima tena kila wiki. Oili ikipanda yenyewe na kunuka dizeli, kuna nozeli inayovuja, usisubiri siku ya kumwaga.

Badilisha kila kilomita 5,000 au miezi sita, filta kila mara. Kwa vumbi, foleni na safari fupi, kufika 10,000 ni kulea kaboni ile niliyoieleza.

Oili chafu irudishe kwenye dumu, uipeleke gereji au kituo kinachoikusanya. Usiimwage kwenye mtaro, na usimpe mtu ya kupaka nguzo kwa mikono mitupu, kwani ina kemikali zinazodhuru ngozi na zinazoweza kuleta saratani. Madumu matupu ya oili mpya yatoboe kabla ya kuyatupa, kwa sababu wapo wanaoyaokota, wakayajaza oili iliyochujwa na kuyarudisha sokoni.