"Cecity", upofu na kiza cha macho: mfasiri achague lipi?

Msomaji wetu wa Bagamoyo anatafsiri maandishi ya zamani ya Kiingereza yanayosimulia maisha ya mzee mmoja aliyepoteza macho, na humo amekutana na neno "cecity". Kamusi imemwambia kwamba maana yake ni upofu, lakini hakuridhika, kwa kuwa anaona Waingereza wenyewe hawalitumii neno hilo katika mazungumzo. Anauliza kama imempasa atafute neno la Kiswahili lililo adimu vilevile, na kama kuandika "kipofu" siku hizi ni kumvunjia mtu heshima.

Ndugu yangu, kamusi yako imesema kweli. "Cecity", ambalo hutamkwa karibu na "sisiti", ni upofu tu, wala halitaji aina maalumu ya upofu. Asili yake ni neno la Kilatini "caecus", yaani kipofu. Wafaransa walilirithi wakapata "cécité", nalo kwao ni neno la kawaida, ilhali Waingereza walilipokea wakiwa tayari wanalo neno lao la tangu zamani, "blindness", ambalo mkubwa na mdogo walilijua, na kwa hiyo mgeni huyo akabaki katika vitabu vya wasomi. Ukoo wake hata hivyo umeenea. Madaktari huita "caecum" ile sehemu ya mwanzo ya utumbo mpana, pale kinaponing'inia kidole tumbo, kwa sababu wataalamu wa kale waliiona kama mfuko uliozibwa upande mmoja wakaiita kwa Kilatini utumbo kipofu. Jina la Sesilia nalo, ambalo Wakatoliki wa hapo Bagamoyo huwapa binti zao, huhusishwa na neno hilohilo kupitia ukoo wa Kirumi wa akina Caecilius.

Nakusihi usihangaike kutafuta neno adimu la Kiswahili. Lugha yetu inazo jozi za maneno ambamo moja ni la sokoni na jingine la kitabuni, lakini katika jambo hili haikuweka jozi: mvuvi wa Deep Sea hapa Tanga na hakimu aliye mahakamani wote husema upofu. Ukichimbua neno ambalo msomaji hajapata kulisikia, atasimama kulishangaa neno badala ya kumfuata mzee wako. Uzito wa maandishi unaweza kuubeba kwa namna nyingine, na hapo ndipo Kiswahili kina utajiri wa kweli, kwa maana tunavyo vitenzi. Mtu hupofuka kwa maradhi au kwa uzee. Mwingine hupofushwa na moto au na mkono wa adui. Na aliyezaliwa hivyo hatusemi kamwe kwamba alipofuka, kwani hakupata kuona. Kwa hiyo kabla ya kuandika lolote, soma tena maandishi yako ujue macho ya mzee huyo yalipoteaje, kwa kuwa nomino ya Kiingereza inaficha habari ambayo kitenzi chetu kitakudai uitoe.

Jihadhari pia na majirani wa neno hili. Chongo ni kukosa jicho moja au kutoona kwa jicho hilo, na makengeza ni macho yasiyotazama upande mmoja. Ndiyo sababu wahenga walisema "Ukipenda, chongo huita kengeza", wakimaanisha kwamba mapenzi hulipunguza kosa kubwa likaonekana dogo, na methali hiyo haieleweki kwa mtu anayeyachanganya mawili hayo. Kiwi ni jambo la kupita: ukitoka katika chumba chenye kiza adhuhuri ukakabiliana na bahari inayong'aa pale Raskazone, macho hufanya kiwi, huoni kitu kwa muda mfupi, kisha kuona kunarudi. Mtoto wa jicho na vikope ni maradhi yanayoweza kumfikisha mtu kwenye upofu, wala si majina ya upofu wenyewe. Vivyo hivyo usubi, unaojulikana sana Muheza, Korogwe na milima ya Usambara. Waingereza huuita upofu wa mto, kwa kuwa inzi wadogo weusi wanaoueneza huzaliana katika mito iendayo kasi, lakini sisi tumeuita kwa jina la mdudu mwenyewe, na mfasiri anayeandika "upofu wa mto" kwa wasomaji wa Muheza anawapa jina geni la ugonjwa walio nao nyumbani.

Kuhusu heshima, swali lako ni la haki. Kurani na Biblia za Kiswahili zote zina neno kipofu: ndilo lililotumika kwa yule mtu aliyemjia Mtume katika Sura ya Abasa, na ndilo lililotumika kwa Bartimayo wa Yeriko. Neno lenyewe halikuzaliwa kuwa tusi. Lakini waliohusika wamechagua jinsi ya kujiita, na chama chao kinaitwa Chama cha Wasioona Tanzania. Sheria ya mwaka 2010 nayo inasema watu wenye ulemavu. Mimi nashikilia kwamba chaguo la mwenye hali lifuatwe. Unapoandika habari, barua au tangazo linalowahusu watu walio hai, andika asiyeona, au mwenye uoni hafifu kama bado anaona kidogo. Katika tafsiri ya maandishi ya kale, kipofu na upofu vina mahali pake, maana kumvika mzee wa zamani msamiati wa sheria ya juzi ni kumtoa katika zama zake.

Ikiwa mzee wako alipoteza macho kwa uzee, usiandike "alikuwa na upofu katika miaka yake ya mwisho", kwani hiyo ni sentensi ya Kiingereza iliyovaa kanzu. Andika: "Uzeeni macho yake yaliingia kiza, na miaka iliyombakia aliimaliza katika upofu." Hapo neno upofu limesimama mwisho wa sentensi, likiwa na uzito wote ambao mwandishi wa Kiingereza aliutafuta kwa "cecity".