Shangazi, Sheria ya Kaunti Inaishinda Katiba?

SWALI: Shangazi, nauza viazi karai Mombasa. Juzi askari walibeba meza na karai langu, wakasema ni sheria ya kaunti, basi. Hiyo inaishinda Katiba?

JIBU: Pole, mwanangu. Haiishindi. Kifungu cha 2 cha Katiba ya 2010 kinabatilisha sheria yoyote inayopingana nayo. Lakini usishangilie mapema: leseni za biashara ni kazi ya kaunti, na Katiba hiyohiyo ndiyo iliyoipa. (Leseni unayo? Hukusema.) Mimi ningeuliza namna walivyolibeba karai. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Wakikataa, cha 22 kinakufungulia mahakama bila ada ya kufungua kesi. Ombi lako la kupewa sababu liandike, ubaki na nakala.