Pangaboi la DC-3 likigoma, kwa nini halirudishwi nyuma?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mpenzi tu wa ndege kongwe, ufundi sina. Juzi nilisimama kwenye kamba, hatua chache kutoka DC-3 iliyokuwa inaandaliwa kuruka. Kabla ya kuwasha, vijana wawili walishika pangaboi wakawa wanalivuta taratibu kwa mikono, panga moja moja, wakihesabu kwa sauti. Injini ya kushoto walifika kumi na mbili wakaondoka. Ya kulia ikagoma kwenye panga la sita. Nilidhani watalirudisha nyuma kidogo wajaribu tena, lakini waliliacha vilevile, wakaleta ngazi, wakafungua plagi ya chini, na oili ikamwagika, ingejaza kikombe cha chai. Baadaye injini iliwaka vizuri, ila kwa wingu la moshi lililotufunika sote. Jamaa mmoja pembeni yangu akasema injini hiyo imekwisha. Ni kweli? Na kwa nini hawakulirudisha nyuma tu, wakaokoa muda? Siku moja natamani nami niombe kulizungusha.

JIBU: Marahaba. Jamaa yako amekosea, na vijana wale wanajua kazi. Nimefanya kazi kwenye injini hizi miaka mingi, na swali lako la kurudisha nyuma ni zuri kuliko unavyodhani. Hata mafundi waliokulia kwenye injini za kisasa hulikosea.

Tuanze na umbo lenyewe. DC-3 iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, miaka 32 kamili tangu ndugu Wright waruke, na nyingi zinazoruka leo zina injini ya Pratt & Whitney R-1830 Twin Wasp. Namba hiyo ni ujazo wake kwa inchi za ujazo, yaani kama lita 30. Silinda zake 14 zimepangwa kama miale ya jua, safu mbili za silinda saba saba, kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ikiwa katikati. Kwa hiyo silinda za juu zimesimama kama za gari, za pembeni zimelala, na za chini zimening'inia kichwa chini miguu juu.

Hapo ndipo mambo yanapoanzia. Injini ikizimwa, oili iliyotapakaa ndani ya tumbo la injini inachuruzika kuelekea chini. Tena oili ya injini hii haikai tumboni kama ya gari. Ina tangi lake nyuma ya injini, na valvu inayozuia isirudi injini ikiwa imesimama. Valvu hiyo ikichakaa kidogo tu, oili inapenya polepole usiku kucha. Inafika kwenye pistoni zilizopinduka, inapita kwenye nafasi ndogo za ringi, tone baada ya tone, na kujikusanya kwenye chumba cha kuchomea, ambacho kwa silinda ya chini ndicho kitako chake. Na kwa sababu oili ya moto ni nyepesi, hata saa chache tu baada ya kuzima zinatosha kuleta shida.

Hewa inakubali kubanwa. Oili haikubali. Pistoni ikija kubana, valvu zote mbili zimefungwa na chumbani kuna kikombe cha oili, haina pa kwenda. Ukiwa umewasha stata au injini imeshawaka, nguvu itatafuta kilicho dhaifu: kichwa cha silinda kinang'oka au konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na kranki) inapinda. Ndiyo maana pangaboi linavutwa kwa mkono kwanza, magneto (vyombo vinavyozipa plagi umeme wa cheche) zikiwa zimezimwa na mafuta yamekatwa. Mkono wako ndio kipimo. Kila silinda inayobana unaihisi: uzito laini unaopanda, kisha unaachia. Ya oili haina ulaini huo, inasimama ghafla kama umegonga ukuta.

Sasa, kwa nini kumi na mbili na siyo nne? Injini hii ina gia mbele: kranki ikizunguka mara 16, pangaboi linazunguka mara 9. Ili kila silinda ibane mara moja, kranki lazima izunguke mara mbili, maana yake pangaboi lizunguke mara moja na kidogo. Pangaboi lina mapanga matatu, kwa hiyo ukishapitisha manne umezigusa silinda zote. Mvivu angeishia hapo. Lakini vijana wako waligota kwenye la sita! Silinda ile ilikuwa imeshapita mara ya kwanza bila kelele; oili iliyoikwamisha iliingia baadaye, na karibu hakika ilitoka kwenye bomba linaloingiza hewa, ambalo kwa silinda za chini nalo linashuka na kuweka dimbwi. Waliivuta wenyewe, taratibu, wakati valvu ya kuingizia ilipofunguka. Kumi na mbili inaipa kila silinda nafasi tatu au zaidi za kusema ukweli.

Na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako kubwa. Ukiligeuza pangaboi nyuma, pistoni inashuka, halafu inapanda tena, safari hii ikiwa kwenye mkondo wa kuingiza hewa, kinyumenyume, valvu ya kuingizia ikiwa wazi. Oili yote inasukumwa kurudi ndani ya lile bomba. Ukivuta mbele tena, pangaboi linapita laini kabisa. Unafurahi, unamwambia rubani awashe. Injini inashika kwa silinda mbili tatu, inapata kasi, inavuta hewa kwa nguvu, na dimbwi lote linaingia kwa mkupuo kwenye silinda ile ile. Hujaondoa oili, umeificha tu mahali pabaya zaidi.

Njia ni moja: kufungua plagi ya chini, kumwaga, kusubiri iishe kuchirizika, kisha kuzungusha tena plagi ikiwa nje. Baadhi ya injini zina kizibo cha kumwagia kwenye bomba lenyewe, na mimi hukifungua hata kama sijaombwa.

Kuna kosa jingine, ndugu wa hilo, nalo ni kuongeza watu wa kulilazimisha lipite. Panga la DC-3 ni refu. Pangaboi zima lina kipenyo cha karibu mita tatu na nusu. Ukisukuma kwenye ncha, hiyo ni nyenzo ya kutosha kupinda chuma. Nilipokuwa mwanafunzi niliona watu watatu wakining'inia kwenye panga moja kwa sababu ratiba ilikuwa imebana. Likapita kwa mkwaruzo mdogo, kila mtu akashangilia. Injini ilifanya kazi wiki kadhaa bila tatizo lolote. Kisha siku ya kuijaribu chini ikaanza kugonga. Tulipoifungua, konrodi moja ilikuwa imepinda kiasi ambacho ungehitaji rula kukiona, na ubavu wa pistoni ulikuwa umekwanguliwa mpaka unang'aa. Kwenye injini za namna hii, kwa kila safu konrodi mama moja tu ndiyo imeshika kranki, nyingine sita za safu hiyo zimeshikizwa kwake, kwa hiyo mtoto akivunjika familia nzima inaangamia. Ilikuwa bahati kwamba iligonga tukiwa bado ardhini.

Kuna wanaotumia stata badala ya mikono, wakihesabu mapanga yakipita kioo cha rubani kabla ya kufungua magneto. Klachi ya stata imetengenezwa iteleze ikikutana na kizuizi, kwa hiyo si vibaya. Mimi napendelea mikono.

Moshi usikusumbue. Ni mabaki ya oili kwenye silinda na bomba la ekzosi, yanaungua na kuisha ndani ya dakika moja hivi. Ukiona unaendelea kutoka wa bluu injini ikiwa imepata joto, hapo jamaa yako atakuwa na hoja, na ni kazi ya kupima kompresheni na kukagua chujio kama lina unga wa chuma. Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, hutaiona ikifanyiwa tambiko hili, kwa sababu silinda za injini yake ya Merlin zinatazama juu. Tiger Moth, ndege ndogo ya mafunzo ambayo injini yake ya silinda nne imepinduliwa kichwa chini, ina ugonjwa ule ule wa oili.

Kuhusu kuomba kuzungusha: omba, wengi watafurahi, ila subiri uelekezwe. Usiamini swichi. Magneto haihitaji betri. Inazimwa kwa waya mmoja unaoipeleka kwenye bodi, na waya huo ukikatika, swichi itasema imezimwa huku plagi zikiwa tayari kutoa cheche. Injini ya moto yenye mafuta kidogo ndani inaweza kurusha panga. Kwa hiyo viganja wazi, vidole visikunjwe kwenye ukingo, hakuna skafu wala kamba ya kamera shingoni, na kila panga ukilivuta unatembea kutoka nje ya mzunguko wake. Likikugomea, toa mikono, mwite fundi, na uliache pale pale liliposimama.