Propela Mpya ya Cessna: Itazame Milima Kabla ya Kutazama Mwendo

Msomaji mmoja mwenye hisa kwenye Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ameniandikia: "Kaka, fundi ameikataa propela yetu. Tuchukue ya kupanda au ya safari? Na kuna jamaa anauza moja bei poa." Swali fupi, ila limenigusa penye kidonda. Ni swali hilohilo lililonitenganisha na rafiki.

Ndege yetu ni 172M ya miaka ya sabini, injini ya Lycoming O-320 yenye nguvu za farasi 150. Kila tukirudi kutoka Mara, kokoto za viwanja vya murram zilikuwa zimeng'ata bledi, yaani mabawa ya propela. Fundi alizilainisha kwa tupa, na ndivyo inavyopaswa, kwa sababu mng'ato mdogo kwenye ukingo ndiko ufa unakoanzia, na kipande cha bledi kikikatika hewani, mtikisiko wake unaweza kuing'oa injini mahali pake. Lakini tupa nayo inakula. Mwishowe upana wa bledi ukashuka chini ya kipimo cha mtengenezaji, na fundi akaandika daftarini kwamba haifai tena.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mwenzetu mmoja, mtu wa safari za Malindi na Lamu, alitaka pichi kubwa, yaani propela ya safari; mimi nilitaka ndogo, ya kupanda. Kwa asiyeijua pichi: chukulia propela ni skrubu inayoingia kwenye ubao; pichi ni umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja. Propela ya kampuni ya McCauley iliyogongwa muhuri wa 7553 ina kipenyo cha inchi 75 na pichi ya inchi 53. Yeye alitaka 57. Angani pichi kubwa inakupa mwendo, hilo sibishi. Wakati wa kuruka, hata hivyo, inailemea injini isifike kwenye mizunguko inayohitaji, na injini isiyofika kwenye mizunguko yake haikupi farasi uliowalipia.

Sasa kumbuka uko wapi. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo wale farasi 150 wamebaki kama 125 kabla hujaachia breki. Mchana joto likifika nyuzi 27, hewa inakuwa nyepesi kama ya futi 8,000 na zaidi. Ukigeukia magharibi, vilima vya Ngong vinakungoja, na kilele chake kina mita 2,460 hivi. Niliyasema yote haya mbele ya mafundi. Mwenzangu akacheka: "Rubani gani anaogopa Ngong?" Watu wakacheka naye. Maneno hayo sijayasahau, na sidhani kama nitayasahau.

Tulipiga kura, 53 ikashinda, naye akauza hisa yake. Salamu zetu tangu hapo ni za kutikisa kichwa. Lakini mwezi uliopita tulitoka saa saba mchana, jua kali, watu watatu na mafuta ya kutosha, na tulivuka Ngong bila kuzunguka kutafuta kimo. Nilitamani awe kwenye kiti cha nyuma.

Gharama ipo, nisikufiche. Tunafika Lamu tukiwa tumechelewa kidogo, na tukishuka lazima nirudishe throtili (mkono wa gesi) mapema, maana pichi ndogo huikimbiza injini hadi kwenye mstari mwekundu, kikomo chake cha mizunguko 2,700 kwa dakika.

Kwa hiyo ndugu yangu, kwanza mwambie fundi afungue hati ya cheti cha aina ya ndege yako. Humo zimo propela zinazoruhusiwa, pamoja na mizunguko ya chini na ya juu ambayo injini inapaswa kufikia ndege ikiwa imesimama, throtili wazi. Isiyokuwemo humo haifungwi bila kibali chake chenyewe. Pili, kabla ya kuilaumu propela yoyote, pima takometa, ile saa inayoonyesha mizunguko ya injini, kwa kifaa cha mwanga. Zile za zamani hudanganya, na inchi moja ya pichi hubadilisha kama mizunguko 50 tu, kwa hiyo saa mbovu inaweza kukununulia propela isiyokufaa. Na kama yenu ilikataliwa kwa sababu iligonga ardhi, msinunue chochote injini haijafunguliwa na kukaguliwa.

Tatu, karatasi. Hapa nitasema kwa ukali kwa sababu naona vijana wanavyofanya. Mtu ana pesa ya kununua ndege, ana pesa ya kupigia picha ndege, halafu ikifika kwenye kile kitu kinachoivuta ndege anaanza kutafuta bei ya sokoni! Bledi iliyopinda ikanyooshwa kienyeji haionekani kwa macho. Inapakwa rangi, inang'aa, na bima ikija kuuliza cheti baada ya ajali, muuzaji hapokei simu. Abiria wako hakuuliza uliokoa shilingi ngapi. Alikuamini, akafunga mkanda.

Huyo jamaa wa bei poa mwombe vitu viwili: picha ya namba zilizogongwa kwenye kitovu, na cheti cha karakana iliyoikagua mara ya mwisho, chenye namba hizohizo. Akikutumia picha ya spina (kofia ya mbele ya propela) iliyong'arishwa, mshukuru na umwache.