Mkono wa gia wa Noah kwenye Land Cruiser ya 1969: "gia ikiingia" hakutoshi

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Land Cruiser pikapu, FJ45 ya mwaka 1969, injini ya F, gia tatu za usukani. Aliniachia marehemu kaka yangu. Imebeba kahawa Kibosho miaka mingi. Nimepasuliwa goti la kushoto na klachi sasa imenishinda. Fundi mmoja hapa Moshi amepata gia boksi ya otomatiki, A440F, na anataka kufunga mkono wa gia wa usukani uliotoka kwenye Noah ili gari lisipoteze sura yake. Anasema mpangilio ni ule ule, P R N D 2 L (kuegesha, kurudi nyuma, huru, kwenda mbele, na mbili za gia za chini), kwa hiyo ataunganisha kwa fimbo moja, "gia ikiingia, kazi imekwisha." Je, nimruhusu? – Mwalimu mstaafu, Moshi

JIBU: Shikamoo mwalimu, na pole sana na goti.

Wazo lako la kubakiza gia kwenye usukani ni zuri, na boksi lenyewe si la kubahatisha. A440F ilitoka kiwandani nyuma ya injini ya 3F-E kwenye Land Cruiser FJ62, na hiyo ni ya ukoo mmoja na F yako. Habari za propela shafti na krosmemba fundi wako ameshaziona, sitazirudia. Kilichonifanya nijibu ni yale maneno manne: gia ikiingia, kazi imekwisha. Nayasikia hapa Arusha kila wiki.

Kwenye gia zako tatu yalikuwa na ukweli. Mkono unavuta uma, uma unasukuma gia, meno yanaumana, na ukisikia imeingia basi imeingia. Kwenye otomatiki mkono wako haugusi gia hata moja. Unageuza mkono mdogo ulioko ubavuni mwa boksi, nao unasogeza valvu nyembamba inayofungua tundu moja la oili na kufunga jingine. Boksi lina vituo vyake lenyewe: kuna kipande cha chuma chenye mabonde kama kitana, na springi yenye kigurudumu kinacholala ndani ya bonde. Kigurudumu kikilala sawasawa, tundu la oili liko wazi lote. Kikining'inia kwenye ukingo wa bonde, tundu liko nusu. Gari litaondoka vilevile, na kilima kidogo litapanda. Lakini oili inayofika kwenye pleti za klachi haina presha ya kuzibana, kwa hiyo zinateleza na kuungua, na huku juu kwenye usukani mshale unakuonyesha D.

Mwezi uliopita nilifungua boksi la pikapu iliyobadilishwa hivyo hivyo, halijamaliza hata miezi mitatu barabarani. Oili ilitoka nyeusi, inanuka kama ugali ulioshika sufuria. Chini ya sampu, yaani trei ya oili ya boksi, sumaku ilikuwa imevaa uji mzito wa chuma. Pleti za gia za mbele zilibaki chuma kitupu, ule utandu wake wote umechunika. Lakini kabla sijashusha hata bolti moja nilikuwa nimeshajua tatizo. Niliweka mkono wa usukani kwenye D, nikaingia chini ya gari na kuchomoa pini ya fimbo. Mkono wa boksi ukaruka wenyewe, tik, kama milimita tano, ukalala kwenye bonde lake. Milimita tano hizo ndizo zilizoua boksi zima, na mwenye gari alikuwa ameambiwa kwamba tatizo ni oili, akanunua oili mara mbili.

Kwa hiyo herufi za Noah kufanana na za A440F hakutuambii kitu. Swali ni je, mkono wa usukani unasafiri umbali ule ule ambao mkono wa boksi unahitaji? Mwambie fundi achomoe kila kitu, asogeze mkono wa boksi kwa vidole kutoka P hadi L, apime safari yake kwa rula pale tunduni. Kisha apime safari ya mkono wa chini wa usukani, P hadi L. Tuseme boksi linataka milimita 60 na usukani unatoa 75. Hapo tundu jipya litobolewe kwenye mkono wa usukani, karibu zaidi na mhimili: kama lilikuwa milimita 100 kutoka mhimili, sasa liwe 80. Asipofanya hesabu hiyo, atafunga D ikae sawa na R iwe nusu, au kinyume chake.

Baada ya hapo anaanzia boksini. Mkono wa boksi uende P kabisa, urudishwe tik mbili, hiyo ni N. Mkono wa usukani nao uwekwe N. Nati ya kurekebishia izungushwe mpaka pini idumbukie tunduni bila kusukumwa. Kama inahitaji kugongwa hata kidogo, bado. Kisha aupitishe mkono vituo vyote sita, na kila kituo achomoe pini aone kama mkono wa boksi unaruka.

Fimbo siipendi kwa gari lako. Kabini ya FJ45 imekaa kwenye raba zake, injini na boksi kwenye raba zake, na barabara ya Kibosho unaijua. Kila gari linapojinyonga, fimbo inausukuma mkono wa boksi bila wewe kugusa chochote. Tumia kebo, na kile kibano kinachoshika ganda la kebo upande wa chini kifungwe kwenye boksi lenyewe, siyo kwenye chesisi, ili boksi likicheza kebo icheze nalo. Ipite mbali na bomba la ekzosi.

Kuna waya mwingine, ule unaotoka kabureta kwenda boksini. Mafundi vishoka wanakwambia ni wa kupunguzia gia tu ukikanyaga mafuta, ukikosekana si neno. Kwenye boksi hili ndio unaoliambia lipandishe presha injini inapobeba mzigo. Mafuta yakikanyagwa hadi mwisho, nafasi kati ya ncha ya mpira unaofunika waya na kizuizi cha waya iwe milimita 0 hadi 1. Gari lisitembezwe hata mita kumi kabla hilo halijakaa sawa. Rejeta yako pia haina njia ya kupoza oili ya otomatiki, kwa hiyo lazima ufunge rejeta ndogo ya oili pembeni, la sivyo kupanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu mara moja tu kutakuonyesha.

Sasa mwalimu, hili halihusu gari lako peke yake. Ukiona fundi anataka kukata shafti ya usukani wa Noah na kuichomelea kwenye yako, ondoa gari siku hiyohiyo. Mkono na kishikio chake vifungwe kwa vibano vya bolti nje ya bomba la usukani. Shafti yenyewe haiguswi na moto. Na ukisikia neno "tumeruka swichi", simamisha kazi. Ubavuni mwa boksi kuna swichi inayoruhusu stata kuzunguka kwenye P na N tu. Ikiwa mkono haukupimwa, swichi hiyo inagoma, na kishoka badala ya kurekebisha mkono anasokota nyaya mbili na kuzifunga solotepu. Nimeona matokeo yake kwenye uwanja wa gereji moja: gari la kabureta, choki imevutwa, mkono uko D, mtu akapitisha mkono dirishani na kuwasha. Injini baridi yenye choki inazunguka juu na inasukuma kweli. Kijana aliyekuwa anafunga boneti alibanwa ukutani, akavunjika paja. Swichi ile ilikuwa inagoma kwa sababu, na sababu ilikuwa ni mkono uliokaa vibaya.

Jambo la mwisho liulize leo, kabla hajashika grainda. P inafunga shafti ya kutokea ya gia boksi tu, kwa kijino kimoja cha chuma. Transfa, lile boksi la nyuma linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, ikiwa N, magurudumu yako huru hata kama mkono uko P, na gari litashuka na kahawa yake. Breki ya mkono ya FJ45 yako ni ile ngoma iliyoko nyuma ya transfa, nayo inashika propela shafti yenyewe. Wengi wakibadilisha boksi wanaitupa ngoma hiyo kwa sababu transfa mpya haina pa kuifunga. Muulize itakaa wapi. Kama hana jibu, mwambie asianze.