Baridi ya Chicago si baridi ya Makete

Maswali ya wasomaji wa jarida hili safari hii yote yamegusa mji mmoja: Chicago, kati ya Desemba na Machi. Wanaouliza wana viza na tiketi tayari, hivyo mambo ya ubalozi hatutayagusa. Tutajibu ya kuvaa, ya kutazama na ya kutoganda.

Huku Bulongwa sakitu inaunguza viazi kila Juni na maji ya ndooni yanashika barafu. Baridi nimeizoea. Nitakuwa Chicago wiki mbili za Januari. Je, jaketi langu la kila siku na gambuti havitoshi? – Msomaji, Makete

Havitoshi, ndugu. Sakitu ya Makete huanguka alfajiri, na jua likishapanda kidogo imekwisha. Chicago mwezi Januari mchana wenyewe huishia kwenye nyuzi 0 hivi za Selsiasi, usiku hushuka hadi 8 chini ya sifuri, na hiyo ni siku ya kawaida. Tarehe 20 Januari 1985 kipimo kilisoma 33 chini ya sifuri. Juu ya hapo weka upepo. Hewa ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo ukivuma kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kama vile ni nyuzi 28 chini ya sifuri, na sikio lisilofunikwa linaweza kuganda ndani ya nusu saa.

Vaa nguo tatu, moja juu ya nyingine, kila moja na kazi yake. Ya kwanza, inayogusa mwili, iwe ya sufu laini au poliesta, ya kubana. Isiwe pamba. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo, na jasho lililopoa ndilo linalowaumiza wageni wengi kuliko theluji yenyewe. Ya pili ni sweta zito. Ya tatu ni koti la kuzuia upepo, lenye kofia, linalofika mapajani.

Koti hilo usilinunue dukani kwa bei ya dukani. Nenda Mwanjelwa, Mbeya, kwenye mitumba, mengi yametoka huko huko unakokwenda. Utakuwa unalirudisha kwao tu. Ila lipime. Weka mdomo kwenye kitambaa upulize kwa nguvu: mkono ulio upande wa pili ukihisi hewa, upepo nao utapita. Kama ni la manyoya ya bata, linyanyue kwenye mwanga na ulibonyeze. Manyoya yaliyojikusanya madonge yanaacha sehemu tupu zisizo na joto. Funga na ufungue zipu mara kumi. Zipu mbovu ukiwa na vidole vilivyokufa ganzi ni balaa.

Gambuti liache shambani. Mpira wake ni mwembamba, haupitishi jasho, na soli hushika baridi ya ardhi. Tafuta buti lenye bitana ndani na soli nene yenye meno, kubwa kwa namba moja, ili soksi moja nene ya sufu ipate nafasi. Ukilazimisha soksi mbili kwenye kiatu kinachobana unaifinya damu, na vidole vinapoa zaidi. Glavu za mfuko, zile zinazotenga kidole gumba peke yake, zina joto kuliko za vidole vitano.

Utabiri wa hewa wa kule husomwa kwa Farenhaiti. Toa 32, kisha gawanya kwa 1.8. Kwa haraka kariri tatu: 32 ni sifuri yetu, 20 ni karibu 7 chini ya sifuri, na 0 yao ni 18 chini ya sifuri.

Februari naenda na wenzangu kutembelea usharika rafiki Saint Paul, Minnesota. Tutabaki na siku tatu za kuona Chicago kabla ya kupanda ndege. Tupangieje? – Mwalimu, Iringa mjini

Mwalimu, kutoka Saint Paul mnaweza kupanda treni ya Amtrak hadi Union Station ya Chicago, mwendo wa zaidi ya saa saba, na mnashukia katikati ya mji. Mkija kwa ndege hadi uwanja wa O'Hare, treni ya Blue Line huanzia pale pale uwanjani na hufanya kazi usiku na mchana; hadi katikati ya mji ni kama dakika 45.

Kosa la wengi ni kupanga siku kana kwamba ni Julai: mnara, bustani, ufukwe, jumba la makumbusho, vyote kwa miguu. Februari panga kwa kuta. Nje dakika 20, ndani saa mbili, tena nje. Na mwanga ni mfupi. Jua huzama kati ya saa 11 na saa 11 na dakika 40 jioni kadiri mwezi unavyokwenda. Desemba ni mapema zaidi, saa 10 na dakika 20.

Kuhusu saa, tiketi nyingi hutaja muda wa kuingia. Ikiandikwa 10:00 AM ni saa 4 asubuhi yetu, wala si saa 10. Ukichelewa unaweza kunyimwa nafasi. Simu za nyumbani nazo: Iringa iko mbele kwa saa 9 wakati huo wa mwaka, kwa hiyo ukipiga saa 3 usiku ya Chicago, nyumbani wanaamka, ni saa 12 asubuhi.

Siku ya kwanza msiondoke barabara ya Michigan. Anzeni Chicago Cultural Center, jengo la 1897 lililokuwa maktaba. Kuingia ni bure, kuna joto, na juu kuna kuba la vioo vya rangi vya kampuni ya Tiffany lenye upana wa mita 11 na ushee. Vukeni barabara hadi Millennium Park mkaione Cloud Gate ya mchongaji Anish Kapoor, lile umbo la chuma kinachong'aa ambalo wenyeji huliita haragwe: mabamba 168, tani kama 100, na majengo yote yanajiona ndani yake. Hapo dakika 20 zinatosha. Kisha Art Institute, jumba la sanaa, dakika chache kwa miguu, yenye simba wawili wa shaba mlangoni. Ipeni mchana wote. Wekeni makoti kwenye chumba cha kuyatunzia, maana ndani ni moto kweli. Ukitembea na koti utatoka na jasho, na jasho hilo litageuka barafu mgongoni.

Siku ya pili ni ya jumba la makumbusho la Field Museum, na hapa tunasema bila kuficha: ukiwa na nafasi ya jumba moja tu, mtu wa Afrika Mashariki aende hili. Wale simba wawili wa Tsavo, waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898, wako pale. John Henry Patterson, mhandisi wa reli hiyo, aliwapiga risasi, akazifanya ngozi zao mazulia ya nyumbani kwa takriban miaka 25, kisha miaka ya 1920 akaziuza kwa jumba hilo kwa dola 5,000. Kwa sababu ngozi zilikuwa zimepunguzwa na kukanyagwa, simba mnaowaona ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Wala msiwasubirie manyoya ya shingoni. Ni madume, lakini hawana. Katika jumba hilo hilo yuko Sue, mifupa ya dinosaria aina ya T. rex yenye urefu wa mita 12, aliyeishi miaka milioni 67 iliyopita. Jumba liko kando ya ziwa, na upepo wa pale hauna huruma. Pandeni basi namba 146, msitembee.

Siku ya tatu iacheni wazi hadi mwone anga. Willis Tower, ghorofa 110, ina sehemu ya kutazamia ghorofa ya 103, mita 412 juu, na visanduku vya kioo vinavyotokeza nje ya ukuta. Kukiwa na mawingu ya chini unalipia ukungu, na ukungu Mufindi mnao wa bure. Baridi kali ikiingia kutoka kaskazini hewa hukauka na anga husafika, hivyo siku ya baridi kuliko zote mara nyingi ndiyo ya kupanda. Hapo mnaona majimbo manne.

Anga likiwa limefunga, pandeni Green Line hadi kituo cha Conservatory. Garfield Park Conservatory ilifunguliwa 1908. Ni nyumba kubwa za vioo zenye joto na unyevu, na mtakuta miwa na kakao kama za Kyela, huku theluji ikianguka nje ya kioo. Angalieni kiingilio na siku za kufunguliwa, na wekeni nafasi mtandaoni kabla.

Katikati ya mji kuna pia njia za chini ya ardhi ziitwazo Pedway, kama kilomita 8, zinazounganisha majengo na stesheni. Ni nzuri siku ya upepo, lakini vipande vingine hufungwa jioni na mwisho wa wiki, na alama zake zinachanganya hata wenyeji.

Nimesikia kuna matembezi ya boti mtoni kuona majengo. Machi mwanzoni yapo? – Msomaji, Njombe

Kwa kawaida bado. Boti nyingi husimama mwishoni mwa vuli na kurudi Machi ikishakolea. Chemchemi ya Buckingham nayo huzimwa hadi Mei, usiifuate. Badala yake panda treni ya Brown Line, ukae dirishani. Inapita juu ya barabara kwenye reli za chuma, inavuka mto, inauzunguka mji wa kati kwenye kitanzi kilichokamilika 1897, na unachungulia majengo yale yale kwa nauli ya kawaida. Ukisubiri treni tafuta taa za joto kwenye jukwaa. Nyingi huwashwa kwa kubonyeza kitufe.

Nitakuwa na watoto, mmoja miaka 4 na mwingine 9. Pesa si nyingi. – Mama, Tukuyu

Lincoln Park Zoo, bustani ya wanyama, dada. Ni bure kwa kila mtu, hufunguliwa kila siku ya mwaka, na ina majengo ya ndani ya kupasha watoto joto. Wa miaka 9 atafurahia kuteleza kwenye barafu Millennium Park: kuingia ni bure ukiweka nafasi mtandaoni, unalipia kukodi viatu tu. Glavu za mdogo zifungie kamba ipite mikononi mwa koti, la sivyo siku ya kwanza haiishi hajapoteza moja.

Jihadhari na matangazo ya siku za bure za makumbusho. Nyingi ni za wakazi wa jimbo la Illinois na kitambulisho huangaliwa mlangoni; mgeni hulipa bei kamili. Na bei ya kwenye menyu siyo utakayolipa. Kodi huongeza zaidi ya asilimia 10, na mhudumu hutarajia asilimia 18 hadi 20. Pizza nene ya Chicago huchukua hadi dakika 45 kuiva, basi agizeni kabla watoto hawajaanza kulia njaa.

Simu yangu hupiga picha vizuri, lakini naambiwa baridi huizima. Kweli? – Kijana, Mwanjelwa

Kweli. Kemia ya betri hupungua kasi kwenye baridi, simu inaona umeme umeshuka na inajizima hata ikiwa na asilimia 40. Iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, itoe, piga, irudishe. Ikizima, ipashe kwanza kwa mwili wako. Usiichaji ikiwa ingali baridi. Huko ndiko kuiharibu betri moja kwa moja. Kamera nayo, kabla ya kuingia ndani ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uiache humo karibu saa nzima. Mvuke utatua juu ya plastiki badala ya lenzi.

Nina miaka 66. Theluji siiogopi, naogopa kuanguka. – Mzee, Mafinga

Shikamoo mzee. Hofu yako iko mahali pake. Hatari zaidi ni barafu nyembamba isiyoonekana, inayofanana na lami iliyolowa. Mchana theluji huyeyuka, usiku maji yale huganda, hivyo asubuhi baada ya siku ya jua ndiyo mbaya. Hatua ziwe fupi, unyayo utue wote kwa pamoja, uzito uwe juu ya mguu wa mbele, na mikono itoke mifukoni. Kuna vyuma vya meno vinavyovaliwa juu ya soli. Vivue ukiingia ndani, kwenye vigae vinateleza kuliko kiatu kitupu. Ukikuta kibao njiani kinachoonya juu ya barafu inayoanguka, vuka upande wa pili. Inatoka kwenye paa la ghorofa.

Njia humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula viatu vya ngozi na kuviachia michirizi myeupe. Jioni vifute kwa kitambaa chenye siki sehemu moja na maji sehemu mbili. Usivikaushe juu ya hita, vitapasuka. Vijaze karatasi ya gazeti na uibadilishe kabla ya kulala. Iwe ya gazeti la kawaida, linalonyonya maji; kurasa za kung'aa kama hizi zetu hazifai kwa kazi hiyo.