Maswali ya Wasomaji: Shokapu za Mbele za Baiskeli

SWALI: Nimenunua baiskeli ya mtumba yenye shokapu mbele. Mara mbili kwa wiki nashuka nayo kutoka Newala kwenda bondeni, nusu gunia la korosho likiwa kwenye keria. Kwenye makorongo shokapu inagonga mpaka mwisho na mikono inakufa ganzi. Nimekaza nobu ya juu kushoto mpaka imegoma, hali ni ileile. Fundi anataka tufungue kifuniko tujaze upepo kwa kompresa. Ni sawa?
Msomaji, Newala

JIBU: Si sawa, ndugu yetu. Kompresa ikae mbali kabisa. Nobu yako ikiwa na alama za + na −, kwa kawaida ni ya shokapu ya springi, na humo hakuna upepo wa kujaza. Kabla fundi hajagusa kifuniko, rudisha nobu taratibu upande wa −, mpaka iwe laini. Springi iliyobanwa ikifunguliwa ghafla hurusha kifuniko, na aliyeinama juu yake kitampiga usoni.

Shokapu ya upepo utaijua kwa valvu kama ya tairi la gari, iliyofichwa chini ya kizibo cha plastiki. Chumba chake cha upepo ni kidogo mno, kwa hiyo kompresa huvuka kiwango kilichoandikwa kwenye mguu wa shokapu kwa kufumba na kufumbua, na sili, yaani mipira inayozuia upepo na oili kuvuja pale bomba linapoingia mguuni, zinapasuka. Hiyo ina pampu yake ndogo yenye geji. Ikibidi kuifungua, bonyeza pini ya valvu upepo uishe wote kwanza.

Kuhusu nobu uliyokaza: inaibana springi mapema tu, haiifanyi iwe ngumu zaidi. Baiskeli inainuka mbele kidogo, basi.

Sasa pima. Fungua loki ya shokapu kama ipo. Funga mpira mwembamba kwenye bomba linaloteleza, uusukume mpaka uguse sili. Egemea ukuta, panda ukiwa na mzigo wako wa kawaida, kaa bila kurukaruka, kisha shuka polepole. Pima kwa rula kutoka kwenye sili hadi kwenye mpira. Shokapu yenye mwendo (umbali wote inaoweza kuzama) wa milimita 100 izame milimita 20 hadi 25, ya 80 izame 16 hadi 20. Ikizama zaidi, kaza nusu mzunguko upime tena. Ikizama kidogo, legeza. Nobu ikifika mwisho na bado inazama mno, springi ni laini kwa uzito wako au imechoka. Tafuta springi ngumu zaidi ya shokapu hiyohiyo. Usikate ya pikipiki ukaichomeka.

Kabla ya kurudi kwenye mteremko, shika breki ya mbele uitikise baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mlio wa kugonga, weka kidole kwenye bearingi za hendeli: zikicheza, kaza hapo, zikitulia, bushi za shokapu, yaani pete za ndani ambamo bomba huteleza, zimekwisha. Ukiona ufa panapoungana miguu miwili, usiipande tena hata bila mzigo. Kuchomelea hapo ni hatari, badilisha shokapu nzima.

SWALI: Naishi Lindi karibu na bahari. Mabomba ya shokapu yanapata kutu. Niyapake grisi?
Msomaji, Lindi

JIBU: Hapana. Grisi inashika mchanga, na kila shokapu inapozama mchanga huo unasugua sili kama msasa. Futa kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, kisha weka tone la oili ya silikoni na ufute inayobaki. Fanya hivyo kila ukitoka ufukweni. Pitisha ukucha juu ya bomba: ukikwama kwenye kishimo, sili itachanika hapohapo. Msasa usitumie, unaondoa kromu na kutu inarudi kwa kasi. Mstari mwembamba wa oili kwenye bomba ni wa kawaida. Oili inayodondoka chini ni dalili kwamba sili imekufa.